Msitu Usio na Watoto

Bwana Harusi alitua kwenye tawi kwa kishindo, kama ilivyokuwa desturi yake, na tawi zima likanesa. Mwantumu Shemweta aliacha chai yake jikoni, akajitanda kanga mabegani na kutoka uani kumtazama.

"Leo umechelewa, baba," alimwambia. "Mwenzio huko ndani keshakasirika."

Hondohondo hakumjali. Alilitembeza lile domo lake kubwa kwenye shada la matunda mekundu, akachuma moja, akalirusha juu, akalidaka, likateremka kooni. Akachuma la pili, na la tatu. Koo lilipotuna kama mfuko, alirukia shinani, akajing'ang'aniza kando ya ufa mwembamba uliokuwa umezungushiwa udongo mkavu. Ncha ya mdomo mwingine ikachomoza kutoka ndani. Akaanza kuyarudisha matunda, moja moja, kwa adabu zote, na kila moja likapokewa.

Mle ndani alikuwamo mwali. Ndivyo watu wa mlima ule walivyowaita hondohondo majike msimu wa kutaga, na jina liliwafaa. Jike huingia ndani ya tundu la mti, akaletewa udongo na mumewe, akajifungia mwenyewe mpaka ubaki ufa wa kupitisha mdomo tu. Humo hutaga, hulalia mayai, hulea kinda, haoni jua kwa miezi. Asipoletewa hali. Na mume, kwa kawaida ya ndege wale, huleta.

Mti wenyewe haukuwa mti. Mifupa yake ilikuwa ya chuma, nyama yake udongo na nyuzi za mianzi, na juu yake palitandazwa ngozi hai ya uyoga iliyokua na kukomaa kama gome. Majani yake meusi yalikula jua. Mishipa yake ilivuta maji ardhini na kuyapeleka kwenye tezi, ambamo vijidudu vilisaga masalia ya majani ya chai na kuyageuza sukari, mafuta na protini. Matawi yakazaa kutwa kucha, masika na kiangazi, tunda laini, tamu, lisilo na kokwa. Mwantumu ndiye aliyeubuni. Alikuwa mhandisi kijana wakati misumeno ilipoangusha miti mikubwa ya mwisho ya safu ile ya Usambara, na aliwaona hondohondo wakizunguka juu ya visiki, jozi baada ya jozi, wakitafuta tundu la kuingia. Mche hupandwa leo ukaota. Tundu la kumtosha mwali huhitaji mti wa kale uliooza moyo, na huo haupandwi. Basi akaunda tundu kwanza, kisha akaliundia mti wa kulishika.

Sasa mgongo wote wa mlima ulikuwa na mashina yake, na ndege waliokuwa wamebaki wachache wa kuhurumiwa walikuwa wengi wa kupigiwa kelele. Asubuhi mtu hakuweza kusikilizana na mwenzake kwa makelele yao. Mwantumu alikuwa mwanamke aliyeridhika, na hakuona haya kulisema.

Fadhila Singano alitokea upande wa karakana, mikono imejaa ute wa tezi. Alikuwa mhandisi kutoka Tanga, msichana mrefu mwenye haraka ya kila kitu, aliyeletwa kujifunza ufundi ule ili aupeleke milima mingine.

"Mama, hamjambo? Tezi ya shina la bondeni nimeizibua. Inatoa vizuri."

"Hatujambo, mwanangu. Kanawe mikono unywe chai."

Hawajaketi sawasawa, ikapigwa hodi. Alikuwa Ernesti Mahimbo, mkulima wa iliki na kiongozi wa kikundi kilichopanda upya msitu wa Ng'ambo, kwenye mteremko uliotazamana na nyumba ya Mwantumu, upande wa pili wa mashamba ya chai. Hakutaka chai. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Dada Mwantumu, nina mgonjwa. Sijui ugonjwa wake, ila nadhani dawa unayo wewe."

"Mgonjwa yupi?"

"Twende ukamwone."

*

Njia ilipita katikati ya chai, mahali peupe, jua la utosi. Fadhila alitangulia, Mahimbo akawa anaeleza huku wanatembea. Kikundi chake kilikuwa kimepanda Ng'ambo tangu watoto wake wakiwa wa kubebwa. Sasa watoto hao walikuwa na watoto. Mikuyu ilikuwa imeshika, misambu, ile miti mirefu ya asili ya mlima, imenyooka, vivuli vimekutana. Mtu akiuangalia ule msitu akiwa uani kwa Mwantumu, angesema umepona.

Walipoingia ndani, ubaridi uliwapokea na Mwantumu akavuta pumzi kwa raha. Kisha akasita. Alitazama chini.

Palikuwa na majani makavu, na chini ya majani palikuwa na udongo. Basi. Hapakuwa na mche hata mmoja.

"Nimewaleta mpaka wataalamu wa udongo," alisema Mahimbo. "Udongo mzima. Mvua ipo. Tukipanda kwa mkono, unaota. Wenyewe hauoti. Njoo huku."

Aliwapeleka chini ya mkuyu mkubwa. Ulikuwa umezaa, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuzaa sana. Matunda yamebanana kwenye matawi kama shanga, na mengine yamedondoka yakaoza palepale shinani, nzi wamejaa, harufu ya pombe inapanda.

"Wa kula hawapo," alisema Mahimbo. "Kima walihama tangu enzi za misumeno. Popo nao tunawaona kwa nadra. Aliyekuwa akizichukua hizi mbegu akaenda kuzidondosha mbali ni hondohondo. Na hondohondo wako kwako, wamekula wameshiba. Hivi ninyi wahandisi, huu mnauitaje? Maana mimi naona ni msitu usio na watoto. Siku sisi tuliopanda tukifa, na wenyewe utazeeka ufe."

Fadhila aliokota tunda lililooza, akalipasua kwa ukucha. Lilijaa mbegu ndogo kama chembe za mchanga. Alimtazama Mwantumu, kisha akaangalia pembeni.

Mwantumu alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa akisikiliza. Upande wa pili wa bonde, juu ya mgongo wa mlima, makelele ya ndege wake yalisikika kwa mbali kama ya watu wa harusini. Hapa alipokuwa amesimama palikuwa kimya.

"Nisiwe mkali, dada," alisema Mahimbo kwa sauti ya chini. "Bila wewe hata ndege tusingekuwa nao. Lakini shibe mwana malevya."

"Na njaa mwana malegeza," alidakia Fadhila. "Usisahau kuumalizia, baba."

*

Walibishana mezani alasiri yote, wali ukapoa.

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi kulisema. Matunda ya mashina yakifungwa, madume watalazimika kutafuta, na mikuyu ya Ng'ambo ndiyo iliyo karibu. Ugumu ulikuwa wakati. Msimu wa kutaga ukiisha, kundi huwa huru. Likikosa chakula litatawanyika mpaka tambarare, kwenye mashamba na barabara, na huenda lisirudi. Wakati huu, majike wakiwa ndani, madume walikuwa wamefungwa kamba ya upendo. Wataruka mbali, lakini watarudi. Kwa hiyo wakati mzuri kwa msitu ndio wakati mbaya kwa mwali.

"Mama, wale wamezaliwa kwenye mashina haya," alisema Fadhila. "Tunda la mkuyu hawalijui. Dume anaweza kupita juu yake asilione kama ni chakula. Halafu mwali? Amejifungia kwa sababu ametuamini. Hakumwamini mumewe peke yake, ametuamini sisi. Utamzimiaje chakula mtu ambaye hawezi hata kutoka nje kuuliza kulikoni?"

"Na nikiacha hivi hivi?"

"Ukiacha hivi wanaishi."

"Wanaishi," alikubali Mwantumu. "Wanaishi kama kuku wangu. Siku tezi zikigoma, siku wewe ukiwa umeolewa Dodoma na mimi niko kaburini, nani atakuja kuzizibua? Niliwatengenezea nyumba wapite masika mabaya, Fadhila. Sikukusudia kuwatengenezea kizimba."

Mahimbo alikuwa akila. Hatimaye akasukuma sahani. "Kwani lazima kuwafungia chakula? Mtoto ukitaka aache nyumba ya bibi, humfukuzi. Unahamisha sufuria."

Fadhila aligeuka akamtazama. Mwantumu aliona jinsi macho yake yalivyobadilika, yale ya mtu aliyeacha kubisha akaanza kupiga hesabu kichwani.

"Matawi yanakatika," alisema Fadhila polepole. "Tawi likikatwa na tezi yake, likipewa maji, linazaa kwa wiki kadhaa. Tunaweza kuyaning'iniza kwenye mikuyu. Matunda yetu yakae katikati ya matunda ya mkuyu. Dume afuate asichokijua kwa sababu ya anachokijua."

"Itabidi wavuke chai," alisema Mwantumu. "Peupe pale. Na tai yupo."

"Tai yupo," alisema Mahimbo.

Hapo ndipo jambo lilipobaki, na hakuna hesabu iliyoweza kulisogeza. Kuwaacha mashinani kulikuwa salama, na salama ile ilikuwa inaua msitu taratibu. Kuwavusha kulikuwa kuwatoa baadhi yao sadaka bila kuwauliza. Mwantumu alitoka uani peke yake, akasimama chini ya shina la jikoni mpaka Bwana Harusi akaja, akalisha, akaondoka. Aliporudi ndani alisema, "Tuanze na la kwangu. Ikiwa ni kuumia, nisianzie kwa jirani."

*

Walikata matawi kukiwa na ukungu. Mahimbo na watu wa kikundi chake waliyabeba begani kuvuka chai, wakaimba kidogo, wakapanda ngazi, wakayafunga kwenye mkuyu uliozaa. Fadhila aliacha tawi moja tu kwenye shina la Mwantumu, tena alilipunguzia maji, litoe matunda ya kumfanya mwali asife, si ya kumfanya mumewe akae.

Bwana Harusi alipotua na kukuta matawi hayapo, aligeuza kichwa upande huu, akageuza upande ule, kisha akapiga kelele moja ndefu ambayo Fadhila aliiita matusi. Aligonga shina. Aligonga dirisha la jiko. Alikula machache yaliyokuwapo, akampelekea mkewe, akarudi kugonga. Chini ya sakafu ya tundu palikuwa na mizani, na kwenye kioo cha kompyuta ya karakana uzito wa mwali ulianza kushuka, kidogo kidogo. Fadhila alikuwa akiuangalia kila mara. Mwantumu hakuuangalia, ila alimwuliza kila mara.

"Bado ana akiba," Fadhila alimjibu. Kesho yake, "Bado." Keshokutwa yake aligeuza kioo Mwantumu aone mwenyewe.

Mkono wa Mwantumu ulikuwa tayari kwenye bomba la maji aliposikia kelele kutoka Ng'ambo. Alikuwa Mahimbo, anapiga mayowe kama mtu aliyeona moto. Walikimbia hadi ukingo wa uwanja. Juu ya chai, mbawa nyeusi zikipiga kwa ule mvumo unaosikika kabla ndege hajaonekana, Bwana Harusi alikuwa akirudi. Koo lake lilikuwa limetuna.

Alitua shinani. Mdomo wa mwali ukatoka. Tunda la kwanza lilikuwa la mashina, jekundu. La pili nalo. La tatu lilikuwa la kijani-njano, lenye madoa.

Mwali alilishika, akalizungusha mdomoni, akalitema.

"Aaa, jamani!" Fadhila alijishika kichwa.

Dume aliinamisha kichwa, akalitazama lilikoangukia. Alirudisha jingine kama hilo. Mwali alikaa nalo muda mrefu kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi wa mgeni. Kisha likaingia. Kisha mdomo ukabaki wazi ufani, unangoja.

Mwantumu alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga.

*

Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe. Madume wengine walimfuata Bwana Harusi. Matawi ya mashina yaliyofungwa kwenye mkuyu yalikauka moja baada ya jingine, na hakuna ndege aliyeonekana kuyaulizia. Kutwa nzima kulikuwa na msafara juu ya chai, wa kwenda tumbo tupu na wa kurudi koo limejaa, na wachumaji wa chai walizoea kuinua vichwa kila mvumo ulipopita. Majike walinenepa. Fadhila alianza kufunga tezi za mashina mengine bila kungoja kuambiwa.

Kisha asubuhi moja Bwana Harusi hakuja.

Mahimbo ndiye aliyeyakuta manyoya katikati ya mistari ya chai, mengi, na mbegu zimetapakaa pale koo lake lilipopasukia. Alikuja nyumbani kwa Mwantumu, akavua kofia, akamwekea unyoya mmoja mweusi kiganjani. 

Mwantumu alikaa kwenye ngazi ya jiko. Juu yake, ncha ya mdomo ilitokeza ufani, ikarudi, ikatokeza tena.

"Nimemwua mimi," alisema.

"Tai kamwua," alisema Mahimbo.

"Mimi nilimtoa nje."

Mahimbo aliketi ngazi ya chini yake. Angeweza kusema maneno ya kumfariji, alikuwa nayo mengi. "Ndiyo," alisema. "Ulimtoa nje."

Fadhila alikuja, akasikia, akalia kwa sauti bila kujificha, kwa maana alikuwa bado na umri wa kulia hivyo. Alipomaliza aliuliza nini kifanyike kwa mjane, maana tezi za shina lile zilikuwa zimekwisha kukauka na zingehitaji muda kuamka.

"Sitaziamsha," alisema Mwantumu. Aliinuka. "Kaka Mahimbo, nikatie mwanzi mrefu. Na kesho na kila siku, ukipita Ng'ambo, niletee matunda ya mkuyu mfuko mzima. Mumewe nilimpoteza mimi. Nitamlisha mimi."

Mahali pa mume hapazibwi kwa mwanzi, na mwali aliwaonyesha hivyo siku ya kwanza: aliupiga mwanzi kwa mdomo ukarudi uani vipande viwili. Siku ya pili aliuacha mwanzi mpya unangoja. Siku ya tatu Mwantumu alipanda ngazi mwenyewe, magoti yakimlalamikia, akaweka tunda kwenye ncha, akalisogeza polepole mpaka ufani, akaanza kuzungumza naye maneno ya kawaida, ya bei ya sukari na ya binti wa dada yake aliyejifungua mapacha Korogwe. Tunda likachukuliwa. Akaweka jingine.

Ikawa ndiyo kazi yake ya asubuhi na alasiri. Mahimbo alileta mfuko, Fadhila alishika ngazi, Mwantumu alilisha na kusimulia. Mizani ilionyesha uzito wa mwali umetulia, kisha ikaonyesha uzito wa mtu wa pili ndani ya nyumba. Kinda. Nalo likawa linakula kwa fujo, na mifuko ikawa miwili.

Siku mwali alipobomoa ukuta wake, walikuwapo wote watatu. Udongo ulimeguka, kichwa kikatoka, kikafuatwa na mwili mzima uliopauka kwa kukaa ndani, manyoya mapya yamesimama ovyo. Alikaa juu ya tawi kavu akipepesa macho. Mwantumu alimnyoshea mwanzi wenye tunda.

Mwali aliutazama mwanzi. Aligeuza kichwa, akatazama ng'ambo ya bonde kule ambako wenzake walikuwa wakielekea, akajirusha hewani kama mzigo ulioangushwa, akazama hadi karibu kuigusa chai, mbawa zikashika upepo, akaenda. Kitambo kidogo akarudi, akasimama mlangoni pa tundu, akaanza kulilisha kinda lake kwa koo lake mwenyewe.

"Nimeachishwa kazi," alisema Mwantumu. Aliutupa mwanzi kwenye kuni, na hakukumbuka lini alikuwa amefurahi hivyo.

*

Masika yaliyofuata, Ng'ambo kuliota. Mahimbo aliwaalika watu waje kuangalia miche kama wanavyoalikwa kuangalia mtoto mchanga, na akawakataza kuikanyaga. Iliota hata nje ya msitu, kwenye kingo za chai, chini ya nguzo za umeme, juu ya paa la kanisa.

Fadhila alikuwa anajiandaa kuhama. Alikuwa ameomba milima mingine, na kwenye michoro yake mipya mashina yalikuwa na matawi yanayokatika, na tezi zilizopangiwa siku ya kufa. Wiki yake ya mwisho alipanda mashina yote kuyakagua. Kwenye kilele cha shina la bondeni alisimama muda mrefu, kisha akaita.

"Mama! Kuna kitu huku."

Mwantumu alipanda taratibu. Kwenye panda ya matawi, katika ufa wa ngozi ya uyoga, mche wa mkuyu ulikuwa umeota, wa aina ile inayoanzia maisha juu ya mti mwingine. Majani manne, yanang'aa. Mzizi wake, mwembamba kama uzi, ulikuwa umeshuka kiasi cha kiganja, unatafuta ardhi. Kuuzunguka, ngozi ya shina ilikuwa imevimba. Uyoga ule ulifundishwa kuziba kila jeraha na kusukuma nje kila kitu kigeni, nao ulikuwa kazini, unauminya mche kutoka pande zote.

"Baada ya siku chache utakuwa umeutema," alisema Fadhila. "Na usipoutema, mkuyu utashusha mizizi, utalizungushia shina lote, utalikaba. Miaka thelathini, arobaini, chuma kitapinda. Ndani patabaki uwazi tu, umbo la mti uliokuwapo."

"Uwazi mkubwa kiasi gani?"

Fadhila alipima kwa macho, kisha akaelewa alichoulizwa, akatabasamu. "Wa kumtosha mwali."

Kifaa cha kuliamuru shina kilikuwa mkononi mwa Fadhila. Alimpa Mwantumu. Mwantumu alifuta vidole kwenye kanga, akatafuta mahali palepale kwenye ramani ya ngozi, pale panapouma, akaliambia shina liache kujiziba hapo, sasa na siku zote. Walingoja. Uvimbe ulilegea kidogo, kama ngumi inayofunguka, na mzizi ukapata nafasi.

"Shuka wewe kwanza," alisema Mwantumu, "na uangalie unapoweka mguu."